Landrova Lisilo na Magurudumu

Ndani ya Landrova lile kulinuka kinyesi cha kuku, grisi iliyoganda na mvua ya mwaka uliopita. Mpaka leo nikifungua mlango wa gari kuukuu, harufu hiyo hunipanda kichwani na hasira zikaamka kabla sijagusa chochote. Nami hufungua milango mingi: nina stashahada ya ufundi wa magari, niliyoisotea Dar es Salaam bila mjomba wala shangazi mjini, na nimerudi Masumbwe kufungua gereji ambayo hata wenye magari wa Geita huijia. Sijisifu bure, aisifuye mvua imemnyea.

Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa kuvuna pamba, na mama alikuwa mjamzito. Uzazi uliotangulia alibebwa juu ya kitanda kwenda hospitali ya misheni, mtoto akafia njiani. Baba, fundi baiskeli, akaapa kwamba safari hii mkewe ataketi kwenye kiti cha gari. Gari jipya hata wenye maduka hawakulipata, basi akaanza kutafuta kuukuu la kufufua. Aliulizia magulioni, akachungulia nyuma ya nyumba za watu kama mwizi, mimi nikiwa nimepakiwa kwenye keria ya baiskeli. Mwishowe, karibu na Runzewe, tukalikuta nyuma ya zizi la Mzee Shija, mchuuzi wa ng'ombe. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha dereva. Baba alilala chali akagonga chesisi, akazungusha injini kwa hendeli, ikakohoa. Akacheka peke yake. Siku ileile alitoa ng'ombe wetu wawili, na hatukubaki na mwingine.

Tuliporudi na maksai wa kuazima kulivuta, gari lilikuwa limekaa juu ya mawe. Magurudumu yote yameng'olewa.

“Shikamoo, mzee. Magurudumu yako wapi?”

“Marahaba, Baba Kabula. Ukinunua ng'ombe kwangu, kamba unaondoka nayo?”

“Hapana. Kamba hubaki kwa mwenye ng'ombe.”

“Basi hayo ndiyo kamba yake. Kwani umekuja mikono mitupu?”

Kwetu ndivyo ilivyo: muuzaji hufungua kamba yake, mnunuzi huja na ya kwake. Lakini desturi ya ng'ombe haikuwekewa chuma, na kila mwanamume pale zizini alilijua hilo. Walicheka wakashika mbavu. “Livalishe ndala, fundi baiskeli!” mmoja akapiga kelele.

“Mzee, mke wangu amekaribia,” baba alisema.

“Wangu wanazaa kila mwaka. Nani alipanda gari?”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata baba namkasirikia. Angegombana, angeita wazee, angemshika shati. Yeye alikuwa ameshajibu kwa kinywa chake, na kwa Msukuma wa aina yake neno likitoka limetoka. Tukaliburuta juu ya magogo, ng'ombe wakihema, watoto wa kila kijiji wakitukimbilia kutuzomea.

Magurudumu aliyapata kwa shida, moja hapa, jingine kule. Lilikuwa limebaki moja tu mama aliposhikwa na uchungu. Alipakiwa kwenye keria nilipokuwa nikikaa mimi, baba akaisukuma baiskeli kwenye mchanga. Mama alirudi. Mtoto hakurudi. Kabla pamba haijaisha mashambani, Landrova lilinguruma, majirani wakapiga vigelegele barabarani. Mama hakutoka nje.

Siku hizi barabara ni ya lami, na wanaonijia ni vijana wa pesa za dhahabu. Wanataka niwatafutie Landrova la zamani, nilifufue ling'are, limzungushe bibi harusi mjini jioni moja. Nawatafutia, maana kanda hii yote hakuna anayelijua gari hilo kama mimi. Juzi mmoja aliniona nimenuna, akaniuliza, “Mama fundi, hasira za nini? Si gari la mapambo tu?” Mdogo wangu angefika hospitali, leo angekuwa na mvi.