Mikorosho ya Mwanakombo Iliyonyweshwa Sukari

Pale Kitaya, ukitaka asubuhi yako yote iishe bila kazi kufanyika, muulize Mwanakombo Nandonde habari za mikorosho yake. Anayo kumi na mmoja, nyuma ya nyumba ukielekea mtoni, aliyorithi kwa mama yake, na kila mmoja ana neno la kuusemea. Huu unazaa vizuri ila korosho zake ndogo. Ule hauna ubaya, lakini kivuli chake kinadumaza mihogo. Wa tatu kutoka njiani ndio uliomchosha roho: mkubwa kuliko yote, majani tele, maua tele, na kila mwaka maua hayo yananyauka na kudondoka yakiwa meusi. Ameupa jina la Bi Harusi, kwa kuwa, anasema, unajua kujipamba tu.

Mwanakombo ana miaka hamsini na minane. Ni mtu wa sala na mwepesi wa kucheka, ila ana kasoro moja ambayo mumewe, Mustafa, ameivumilia tangu wakiwa vijana: hawezi kusikia jambo jipya akalala nalo bila kulijaribu. Aliwahi kuwafunga kuku vitambaa vyekundu miguuni ili mwewe waogope, na mwewe wakawa wanawaona kuku vizuri zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo binti yao Hawa, anayewapikia chakula makuli karibu na Bandari ya Mtwara, alipomletea mama yake simu ya kupangusa, Mustafa alimvuta binti yake pembeni.

"Mwanangu, umefikiria vizuri?"

"Simu tu, baba."

"Simu tu," Mustafa alisema, akatikisa kichwa.

Mwezi wa saba, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, Mwanakombo aliona kwenye simu hiyo video ya kijana mmoja mwenye nywele ndefu, amesimama ndani ya banda la nailoni lililojaa taa. Mbele yake palikuwa na mmea kwenye ndoo, umebeba maua manene kama ngumi ya mtoto. Kijana alichukua kitu cheusi kizito mfano wa asali, akakikoroga kwenye maji, akamwagia shinani huku akitabasamu. Alikuwa akisema maneno mengi, na Mwanakombo hakuelewa hata moja. Lakini yale maua aliyaelewa sana.

Alikwenda nayo mpaka kwa jirani yake Felismina. Felismina alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, na Kireno, lugha ile ya video, alikisoma shuleni kabla wazazi wake hawajavuka. Alikuwa anamenya muhogo. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaisogeza simu sikioni.

"Anasema mmea ukifika wakati wa maua unachoka kama mwanamke mwenye mimba. Umpe sukari. Maua yatanenepa."

"Sukari hii ya chai?"

"Yeye ana sukari yake ya maji, nyeusi. Lakini sukari ni sukari."

"Na mmea wenyewe ni mmea gani?"

Felismina aliitazama simu kwa karibu, akaitazama kwa mbali. "Hautaji kwa jina. Anauita msichana. 'Msichana wangu huyu, wasichana wangu hawa.' Tazama majani yake, si kama muhogo?"

Mwanakombo akatazama. Kweli, jani lilikuwa na vidole vyembamba vilivyotawanyika, kisamvu kitupu.

"Mihogo ya Ulaya," akasema. "Kumbe wenzetu wanakula maua yake."

Hapo ndipo chai ya Mustafa ilipoanza kupata shida. Asubuhi ya kwanza aliinywa akadhani mkewe amesahau. Ya pili akauliza sukari iko wapi. Mwanakombo akamjibu kwamba sukari iko shambani.

"Shambani inafanya nini?"

"Inawasaidia wenye mimba."

Mustafa aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kujionea. Mkewe alikuwa amekoroga ndoo nzima. Alikuwa amemwagia shinani kama alivyofanya yule kijana, kisha akaona kwamba mti wenye umri wa mama yake, mizizi yake imeshafika kwa jirani, na sukari inaweza kuishia huko. Basi akatafuta kitambaa, akakichovya, akawa anaipaka sukari kwenye magome kuanzia shinani hadi kwenye matawi ya chini, taratibu, kama anayemkanda mtu mgongo. Bi Harusi aliupaka mara mbili.

"Mama Hawa," Mustafa alisema, "huo ni mti. Hauna ulimi."

"Na wewe una ulimi, umenisaidia nini mwaka huu?"

Mustafa akarudi ndani kunywa chai yake chungu.

Sukari ile ilipata wanywaji haraka sana. Siku ya nne, Mwanakombo alipopanda kwenye kigoda kufikia tawi la juu, alisikia kitu kama cheche shingoni, kingine kwenye kwapa, kingine mahali asipoweza kupataja mbele za watu. Majimoto! Wale chungu wekundu wanaoshona majani wakajijengea viota juu ya miti walikuwa wameshuka kwa mistari kufuata utamu, na mkono uliokuwa ukiwaletea chakula hawakuujali. Mwanakombo aliruka kutoka kwenye kigoda, akakimbia hadi uani akipiga kelele na kujikung'uta kanga, akapita mbele ya mumewe.

"Mti umekuuma?" Mustafa aliuliza kwa upole.

Mtu mwingine angeacha. Mwanakombo alivaa soksi za Mustafa mikononi, akajifunga kitambaa shingoni, akaendelea kila baada ya siku nne. Majimoto wakazidi. Viota vilivyokuwa viwili vikawa vingi kiasi kwamba ukisimama chini ya miti ile asubuhi unaweza kuwasikia wakitembea juu ya majani. Majirani wakaanza kupita njia nyingine.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuja Elisha, bwana shamba wa kata, kijana mpole aliyeletwa kutoka mikoa ya bara na bado alikuwa akijifunza namna ya kuongea na wazee wa huku. Mwaka huo mbu wa mikorosho walikuwa wengi. Ni wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi na maua, na wanapopita, tawi linakauka ncha. Elisha alikuwa amezunguka mashamba matatu na kote aliona ncha nyeusi. Alipofika kwa Mwanakombo akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umepiga dawa gani?"

Mwanakombo alikuwa ameisubiri siku hiyo. Maua yalikuwa meupe na mekundu mpaka vileleni, na hata Bi Harusi ulikuwa umeshika vikorosho vya kijani, vidogo kama ukucha. "Salfa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua, nilipiga mwezi wa sita kama ulivyotuambia. Dawa ya mbu sijapiga. Nimewapa sukari."

Elisha aliinua uso, akatazama juu. Majimoto mmoja akamdondokea begani, naye akamtazama. Kisha akaanza kucheka.

"Mama, mti haukunywa hata kijiko. Mti unajitengenezea sukari yake mwenyewe kwenye majani. Waliokunywa ni hawa." Akaonyesha mstari wa majimoto uliokuwa ukipanda gome. "Na hawa wakishiba na kuzaana, mbu akitua hapa wanamfukuza au wanamla. Umejifugia askari."

Mwanakombo hakufurahi hata kidogo. Kwake ilikuwa kama kuambiwa mtoto aliyefaulu si wake.

"Wewe unasema hivyo," alisema, "lakini mwenzako anasema vingine. Tena mwenzako ana vitendea kazi." Akaingiza mkono kwenye upindo wa kanga, akatoa simu, akaitafuta video, akampa. "Tazama mwenyewe. Hata kina mama wa kikundi chetu nimewaonyesha wote."

Elisha alitazama. Tabasamu likamfifia kidogo kidogo. Akatazama nyuma, akakohoa.

"Mama, umewaonyesha… wangapi?"

"Kumi na wanane, baada ya maulidi. Vipi, nimekosea?"

"Hapana. Yaani… baba yupo?"

Mustafa aliitwa. Alikuja akitafuna kipande cha muhogo mbichi. Elisha alimpa simu. Mustafa hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Mke wangu," alisema, "hii bangi."

Majimoto tu ndio walioendelea na shughuli zao.

"Bangi ipi?" Mwanakombo aliuliza.

"Bangi bangi. Wanayofungiwa watu. Huyu kijana analima bangi, na wewe unamfuata hatua kwa hatua."

Mwanakombo alikaa chini, hapo hapo kwenye majani makavu, mkono mdomoni. Alifikiria wale kina mama kumi na wanane na jinsi alivyowaambia wamwombee dua kijana yule kwa elimu yake. Halafu akili ikamrudia, akainua kichwa polepole.

"Baba Hawa. Wewe umeijulia wapi?"

Mustafa aliacha kutafuna. "Zamani. Nilipokuwa kuli bandarini. Ilikuwepo kwa wenzangu. Niliiona."

"Uliiona kwa macho au kwa mdomo?"

Elisha aligeuka akaanza kukagua mti wa mbali kwa bidii kubwa.

Mwanakombo hakulala na jambo hilo. Jioni ile ile alizunguka nyumba kwa nyumba kuwafahamisha kina mama kwamba ile mihogo ya Ulaya haikuwa mihogo. Wengine walishtuka. Mmoja, mjane wa makamo, alimwambia taratibu kwamba yeye aliijua siku ile ile, ila aliona aibu kumkatiza kwa vile alikuwa anaeleza vizuri sana. Felismina, yeye alicheka mpaka akaegemea mlango, akasema, "Na mimi nilishangaa, muhogo gani unaitwa msichana!" Wakakosana kwa muda wa sufuria moja ya chai, wakapatana kabla haijaisha.

Elisha alirudi wiki iliyofuata na kamba. Alimfundisha Mwanakombo kuzifunga kutoka mti hadi mti ili majimoto watembeleane bila kushuka chini, na kuning'iniza vikopo vidogo vyenye maji ya sukari kidogo, badala ya kupaka gome zima. "Kijiko kimoja kinatosha, mama." Mwanakombo akaweka viwili, kwa sababu alimwona Elisha ni mtu wa mikoa yenye ubahili. Nyumbani, sukari ikarudi kwenye chai, ingawa Mustafa kwa majuma kadhaa alikuwa anapewa chai bila kusemeshwa.

Mwezi wa kumi korosho zilianza kudondoka, na mwaka huo mikorosho kumi na mmoja ya Mwanakombo ilizaa kuliko mwaka wowote anaoukumbuka. Hawa ilibidi aombe ruhusa mjini aje kusaidia kuokota. Waliokota wamejifunika kama wanaokwenda kurina asali, na bado kila baada ya dakika chache mmoja wao aliruka na kujipiga kofi. Mwanakombo peke yake alikuwa ameshazoea. Alikuwa akiwaambia wasipige kelele, eti majimoto hawapendi watu wasio na adabu.

Majirani wawili, waliopoteza karibu nusu ya maua yao, walikuja kuomba viota. Aliwapa bila kuwadai chochote. Alivikata viota mwenyewe alfajiri kungali na ubaridi, majimoto wakiwa wazito, akavitia kwenye gunia na kuwapelekea hadi shambani kwao. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba wakae chini kwanza wasikilize maelezo. Alianza na jinsi mti unavyochoka wakati wa maua. Jua lilipofika utosini alikuwa bado hajafika kwenye kamba, na mmoja wa wale majirani alikuwa ameshasinzia, gunia mapajani, na majimoto wameanza kumpanda.