Kijani cha Chupa Chini ya Kidevu

Jumamosi iliyopita nilishuka kwenye basi la Don Mills nikiwa nimekumbatia mfuko wenye mita mbili na nusu za kitambaa cha kijani cha chupa, nikatembea hadi jengo nililokulia huku ughaibuni, Flemingdon Park. Nilikuwa nimesikia kwamba mdogo wangu wa kike anahama humo mwisho wa mwezi. Ni miaka kumi na tisa sasa hasemi nami. Katika miaka hiyo nimeishi Calgary, Dubai, Arusha, kisha Calgary tena, na kila mji niliofikia nilitafuta duka la vitambaa kabla sijajua mkate unauzwa wapi. Kijani hicho hasa ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka anifungulie mlango, rafiki yangu. Sikuwa na ombi jingine.

Ngoja nikueleze habari ya nywele zake, maana bila nywele hutanielewa.

Mdogo wangu alizaliwa na nywele nyekundu. Sisi ni watu wa Tanga, baba mweusi, mama mweusi, mimi mweusi, naye akaja na ngozi ya rangi ya chai ya rangi na nywele kama bati lililonyeshewa mvua miaka mingi. Madaktari walisema ni aina ya ualbino isiyoonekana sana. Majirani hawakuwa na haja na madaktari. Kwetu mtoto akiwa na nywele nyekundu, watu huona njaa. Nakumbuka tuko ndani ya lifti, mama wa ghorofa ya tisa, mtu wa Mombasa, akamtazama mdogo wangu toka utosini hadi viatuni. "Shoga, huyu mtoto anakula kweli? Mtilie maharage." Mama hakuinua uso mpaka lifti ilipofika kwetu. Tulikula maharage wiki nzima.

Kisha akaja bibi, mama yake baba, na cherehani ya mkono iliyofungwa ndani ya blanketi. Huko Tanga alikuwa fundi wa nguo za maharusi. Alipomwona mjukuu wake alizipitisha nywele zile vidoleni. Siku ya pili asubuhi aliamka, akaloweka hina, akaipaka kwenye mvi zake zote. Alipoiosha alikuwa mwekundu kuliko mtoto mwenyewe.

"Haya, sasa tuko wawili," akamwambia. "Wakicheka, watucheke wote."

Tangu siku ile nyumba yetu ilinuka hina na hiliki. Hita chini ya dirisha ilikuwa ikigugumia, cherehani ikijibu, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika pini na kuokota nyuzi kwenye zulia kabla mama hajarudi kutoka kazini. Jumamosi tulikwenda duka la nguo kuukuu. Bibi alisimama mlangoni mara ya kwanza, akatazama zile safu za magauni, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mitumba kwao ndiko huku!"

Tukirudi, mdogo wangu alisimamishwa kwenye dirisha linalotazama bondeni. Bibi alimfunga kanga nyeupe shingoni ili nguo alizovaa zisiingilie kazi, kisha akaweka kitambaa kimoja kimoja chini ya kidevu chake. Alifumba macho, akayafumbua ghafla. Alitaka kujua jicho linatua wapi kwanza. Likitua kwenye kitambaa, kilitupwa kitandani. Likitua usoni, kilikwenda mezani kukatwa.

"Nguo ikionekana kabla ya uso," alisema, "hiyo si nguo, ni pazia."

Ndivyo nilivyojifunza. Kijani cha chupa kilimfanya ang'ae kama taa iliyowashwa ndani. Buluu iliyokoza, ndiyo. Rangi ya damu ya mzee, ndiyo, lakini iwe nzito, isikaribie wekundu wa nywele. Waridi lilimfanya aonekane ana homa. Manjano na chungwa vilimmeza. Nyeupe pe bibi aliikataa kabisa, na mwalimu alipotuma barua kwamba siku ya picha watoto wote wavae mashati meupe, bibi alishona shati la rangi ya samli na kumpeleka hivyo hivyo. Mwalimu aliliangalia shati lile, akaliacha. Picha ile ilikaa juu ya televisheni yetu, na kila aliyeingia aliisifia.

Mimi nilikuwa nikisubiri zamu yangu dirishani. Siku moja niliomba. Bibi akacheka kwa upendo, akanipiga begani. "Wewe, mama? Wewe hata gunia litakukaa." Alinisifu. Sasa najua alinisifu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilisikia kwamba mimi sina haja ya kutazamwa.

Madrasa ya Jumapili watoto walimwita Kutu. "Kutu, usinywe maji, utazidi!" Alicheka nao, kisha kwenye basi akaniegemea. Wiki ya mwisho ya Ramadhani aliniuliza, "Dada, kwani siwezi kuwa kama wewe?" Aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikuwa anakisikia tu, akijibu kwa kile cha shuleni. Nami nilijua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, inakaa wapi. Bibi aliitumia kuwachora wanawake wa jengo letu wakati wa sikukuu. Ijumaa alasiri alikuwa ghorofa ya tatu kwa jirani. Nilikoroga ule unga mweusi bafuni, nikampaka kichwa kizima, kwa vidole, kama nilivyomwona bibi akipaka hina. Sikujua kwamba hina na piko si ndugu. Kusema kweli sikuuliza.

Jioni macho yake yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. Masikio yalivimba, paji la uso likatoka malengelenge. Kabla mama hajaingia nilimwinamia nikamwambia, "Sema ni bibi. Ukisema ni mimi wataniua." Mama aliuliza. Mdogo wangu, haoni, analia, akasema, "Bibi."

Ndani ya gari, tukienda hospitali, bibi alikaa katikati yetu. Taa za barabara ya Eglinton zilipita juu ya mikono yangu, na bibi akaitazama. Kucha zangu zote zilikuwa nyeusi. Akaikunja mikono yangu miwili, kidole kwa kidole. "Fumba ngumi, mwanangu, kuna baridi." Mama aligeuka kutoka kiti cha mbele, akamuuliza bibi kwa nini alimpaka mtoto piko. Bibi akasema, "Nimekosea."

Mama hakumsamehe. Baba hakumtetea mama yake. Mdogo wangu alipona, nywele zikaota tena, nyekundu zile zile, lakini wakati huo cherehani ilikuwa imefungwa kwenye blanketi lake na bibi amerudishwa Tanga. Alifia huko, na hatukwenda kumzika. Baada ya hapo mama alimnunulia mdogo wangu makoti ya rangi yoyote iliyoshushwa bei.

Unadhani hilo ndilo kosa langu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini miaka kumi na tisa iliyopita, mama akiwa kitandani na siku zimehesabika, mdogo wangu alishindwa kuvumilia. Alimwambia ukweli wote, kwa Kiswahili, akitafuta neno moja moja. Mama akanigeuzia uso. "Ni kweli?" Nilikuwa mtu mzima. Hakukuwa na wa kuniua. Nikasema, "Hapana, mama. Ni bibi." Mdogo wangu alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa, kisha akatoka chumbani. Mama alikwenda na uongo wangu.

Basi Jumamosi nilisimama kwenye mlango wa kioo wa chini, nikabonyeza namba ya nyumba yetu. Kipaza sauti cha ukutani kikalia sana. Kisha sauti yake, karibu kabisa, kama yuko ndani ya ukuta.

"Nani?"

"Ni mimi."

Nilisikia redio kwa mbali, na kishindo cha boksi likiwekwa chini.

"Nimekuletea kitambaa," nikasema, nikiharakisha. "Kijani cha chupa. Kile kile cha bibi. Nilikitafuta mpaka nikakipata."

Aliposema, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nywele zangu ni nyeupe, dada. Zote. Mwaka wa sita sasa. Kijani kile hakinipendi tena." Kisha kikakata.

Sikujua. Miaka yote hiyo nilibeba kichwani msichana wa nywele nyekundu, nikimnunulia nguo mji hadi mji, na yeye alikuwa hayupo popote. Bibi hayupo. Mvi zake za hina hazipo, mama wa ghorofa ya tisa hayupo, piko sijui kama wanawake wa jengo hili bado wanapaka. Mwisho wa mwezi hata dirisha lile litakuwa la watu wengine.

Nilitoa kitambaa, nikakiweka chini ya kidevu changu mbele ya kile kioo. Nikafumba macho, nikafumbua. Niliona kitambaa kwanza.

Mama mmoja alitoka na mtoto wake, akanishikia mlango, akaona nimesimama siingii, akauachia ujifunge. Nikabonyeza namba tena. Sikusubiri aulize nani.

"Siwezi kuchagulia rangi mtu nisiyemwona," nikasema. "Nifungulie nikuone. Ni mimi niliyekupaka piko. Nilimwambia mama uongo. Si bibi, ni mimi."

Redio ilisikika bado, kwa hiyo nilijua hajakata. Nikasimama, kitambaa mkononi, nikiusikiliza mlango.