Fahali, Kanisa na Blenda

Mama alikuja Birmingham kunilea uzazi, na mji wenyewe akaujulia kwenye dirisha la jikoni kwetu, mtaa wa Acocks Green. Alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto, akapokea wageni. Mume wangu alikuwa akisema, "Jumapili tutamtembeza," na kila Jumapili anapangiwa zamu kazini. Ikabaki siku moja mama arudi Tanga.

"Wataniuliza mwanao anaishi wapi," aliniambia asubuhi ile, anakunja kanga zake. "Niwaambie nini? Kwamba jiko lake lina oveni?"

Nikamvalisha koti langu, nikamweka mtoto kwenye kigari, tukatoka. Kwenye simu nilikuwa nimepakua ziara ya bure ya kusikiliza. Sauti ya mwanamume inakuongoza toka kivutio kimoja cha mji hadi kingine, kwa treni na kwa tramu, bila kumsubiri mume wa mtu. Mwisho wa ziara ni maktaba kubwa, ambayo juu yake kuna bustani ya kuuonea mji mzima. Nilitaka mama asimame pale.

Tulishuka treni katikati ya mji tukiwa na hedifoni moja, sikio lake na sikio langu. Sauti inasema Kiingereza, mimi nafasiri, nayo hainisubiri. Tukafika kwenye sanamu ya fahali mkubwa wa shaba.

"Huyu naye kakasirishwa na nani?" mama akauliza.

Kabla sijajibu, simu ikaita na sauti ikakatika. Mtu ana mzigo wa kumpa mama.

Kwetu mtu akisafiri anabebeshwa mizigo ya wenzake. Huyu ana viatu vya mdogo wake, yule ana dawa za baba yake. Wote walijua tangu mwezi uliopita kwamba mama anaondoka, na wote wakakumbuka siku ile, kwenye simu yangu. Tulipofika kanisa la zamani, mteremko mfupi kutoka kwa fahali, zikaita mbili zaidi. Sauti ikieleza mnara, simu inaita. Nikirudisha nyuma, inaita. Mama akaona ubavu mmoja wa kanisa huku mimi nabishana na mtu kuhusu kilo.

Kwenye kituo cha tramu akapiga dada mmoja anayekaa Sutton Coldfield, upande wa pili wa mji.

"Shoga, nipo mlangoni kwenu. Mbona hakuna mtu?"

"Tumetoka. Njoo jioni."

"Nimepanda treni mbili na kitu kizito. Hebu nipe bi mkubwa."

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. "Tunakuja, mwanangu," akamwambia. "Usisimame kwenye baridi."

Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka. Ile sauti ikarudi sikioni, imechangamka, ikatuambia kwamba sasa tumo ndani ya tramu. Nilitamani kuitupa simu relini.

"Mama, maktaba haiko mbali. Tunapanda, unaona, tunashuka."

"Mtu yuko mlangoni."

"Huyo si mgeni, ni mzigo."

"Mzigo una mwenyewe. Geuza kigari."

Nikageuza.

Tulimkuta amekaa kwenye ngazi za mlangoni kwetu, na blenda ndani ya boksi lake. Blenda, kana kwamba Tanga haziuzwi. Tulipoingia ndani mama akafungua begi lake la safari, akatoa sweta nililomnunulia, akatoa na viatu vyake, blenda ikaingia.

"Enhe, bi mkubwa," yule dada akauliza, "mji umeuonaje?"

"Mzuri. Nimeuona wote."

"Hajauona," nikasema. "Kaona fahali na ubavu wa kanisa. Alikuwa anakwenda kuuona, ukapiga simu."

Yule dada akatazama zulia. Mama akanitazama mimi, lile jicho la tangu nikiwa mdogo.

"Mwanangu, mletee mwenzio chai."

Nikaleta. Sukari sikutia.

Kesho yake mama akaondoka. Sweta lake limo kabatini mwangu, na ile ziara imo kwenye simu, imesimama palepale penye tramu. Sijaifuta wala sijaimaliza. Majirani wa Tanga wakimwuliza ninapoishi, anawaambia ni mji wenye fahali wa shaba, mkubwa, ana hasira. Wakitaka kujua kingine, anawapa chai.