Kidole Hakitagi Mayai

Ipo siku moja ya soko pale Kwa Vonza ambayo sijaisahau, na kila kijana anaponiambia kwamba anataka kuchangia michoro katika miongozo ya programu huria, humsimulia siku hiyo kabla sijamjibu lolote. Mwanangu, nawe umenieleza nia hiyo hiyo. Kaa basi unisikilize. Sina haraka, na jambo lenyewe halitaki haraka.

Programu huria, kama ujuavyo, ni ile ambayo watungaji wake wameiacha wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuichunguza ilivyoundwa, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kuieleza, maelezo yake pia huandikwa na wenye kujitolea. Mimi nilifundisha uchoraji wa kiufundi katika shule za Makueni hadi nikastaafu, kisha nikawa mhakiki wa maelezo ya Kiswahili ya programu moja ya namna hiyo. Ilikuwa ya simu, na ilikuwa ya wakulima. Mtu akiona zao lake limeshambuliwa, hupiga picha na kuituma. Majirani wenye programu hiyo hupata onyo kwamba mdudu yuko karibu, pamoja na njia ya kumzuia. Faida yake yote ilisimama juu ya jambo moja: asipotuma wa kwanza, wa pili hajui.

Mwongozo wa picha ulichorwa na kijana wa Emali aitwaye Mutua, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na alijua kuacha mistari isiyohitajika, sifa ambayo wachoraji wengi huikosa. Ukurasa wake wa maboga ulikuwa na picha tatu zilizofuatana. Katika ya kwanza palikuwa na boga changa lenye afya. Katika ya pili boga lile lile lilinyooshewa kidole cha shahada, karibu na mahali ua lilipodondokea. Katika ya tatu boga lilikuwa limeoza. Mutua alikusudia kusema: hapa ndipo nzi wa matunda anapotaga mayai, papige picha kabla boga halijawa hivi. Maneno yalikuwa machache mno, kwa kuwa mwongozo ulikusudiwa hata kwa wasiosoma.

Mimi nilikabidhiwa maneno, nikayapima, nikayaona sahihi. Hata hivyo nilimwuliza kuhusu picha ya pili.

"Mutua, hicho kidole umekifikiria?"

"Kina shida gani, Mwalimu?"

"Kwetu Ukambani mtu hanyooshei boga changa kidole. Husemwa kwamba litaoza na kudondoka."

Akacheka. "Hayo yalikuwa ya kina nyanya, Mwalimu. Siku hizi hakuna anayeamini. Kwani wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi?"

"Basi nauliza umejuaje kwamba hakuna anayeamini."

"Kila mtu anasema hivyo."

Nilimtaka anitajie huyo kila mtu. Akanitajia marafiki wawili aliosoma nao chuoni, ambao tangu kuzaliwa hawajawahi kupanda boga. Niliandika shaka yangu kando ya mchoro, mahali ambapo wahakiki wote huona. Wenzetu wa nchi za mbali wakajibu kwamba kidole hueleweka duniani kote, na ukurasa ukapita. Vikundi vya wakulima vikauchapisha na kuugawa.

Mvua za kwanza zilipopita, tetesi zikafika Emali kwamba mwongozo wetu umewagombanisha wanawake wa Kwa Vonza. Wapo wanaosema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo, mwanangu, sijapata kuipenda. Imewapa wavivu ruhusa ya kutochunguza. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikamwambia Mutua ajiandae, na siku ya soko tukaenda kujionea.

Tulielekezwa kwa mwanamke aitwaye Kamene, mkulima wa maboga mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa amepanga mazao yake juu ya gunia. Hayakuwa mengi.

"Karibu Mwalimu. Chukua boga, haya ndiyo ya mwisho."

"Nimekuja kuuliza kuhusu ukurasa huu," nikamwambia, nikimpa karatasi.

"Huo? Huo ndio ulinifungua macho." Aliulaza juu ya boga, akakunja kidole chake, akawa anagusa picha kwa kifundo. "Soma na mimi. Hapa boga ni zima. Hapa mtu analinyooshea kidole. Hapa limeoza. Nimekosea wapi?"

Mutua aliinama kuitazama karatasi upya.

"Mimi nilidhani ni maneno ya nyanya yangu tu," Kamene akaendelea. "Kumbe hata kwa kompyuta wanajua! Sasa sikiza. Mwikali alipita shambani kwangu, akasema, 'Kamene, tazama lile lilivyo zuri,' kidole mbele kama mkuki. Baada ya hapo yakaanza kudondoka."

Mwikali mwenyewe alikuwa upande wa pili wa njia, akiuza ndengu. Hakungoja kuitwa.

"Mwalimu, muulize huyo na yangu yameozeshwa na nani! Ama huwa najinyooshea mwenyewe?"

"Kidole chako hakina adabu," Kamene akamjibu bila kugeuka. "Kinakula hata kwa mwenyewe."

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Wanawake hawa wawili walikuwa wa mwethya mmoja, yaani kikundi cha majirani wanaolima kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Kamene alikuwa amemtoa Mwikali katika mwethya huo, na wengine wakamfuata Kamene. Matuta ya Mwikali yalibomolewa na mvua ile ya kwanza, naye alikuwa akiyachimba peke yake, mawe kwa udongo, huku mvua kubwa zikikaribia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanamke mmoja vilevile hamalizi matuta ya mteremko mzima. Maji yangekuja yakaondoka na shamba lake. Wala hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametuma picha ya boga. Kwa nini atume? Mkosaji alikuwa ameshapatikana, na ushahidi ulikuwa umechapishwa.

Nilimwomba Kamene boga lililooza. Alikuwa nalo kikapuni, la kuwapelekea mbuzi. Nikaazima kisu, nikalipasua mbele yake. Ndani funza weupe walikuwa wakijikunja.

"Hawa wametoka wapi?"

"Si wametoka kwa uozo."

"Funza hutoka katika yai, na yai hutagwa. Angalia tundu hili dogo gandani. Hapa ndipo nzi alipodunga. Kamene, kidole hakitagi mayai."

Alilitazama lile tundu. Kisha akapaza sauti: "Mwikali! Lete lako moja tupasue!"

"Nimpelekee adui ushahidi?"

"Lete, wewe."

Mwikali akaja na boga chini ya kwapa, akaliweka juu ya gunia kama mtu anayelipa asichodaiwa. Tukalipasua. Ganda lilikuwa na tundu lile lile, na ndani mlikuwa na funza wale wale. Kamene aliinama, akachungulia boga moja, akachungulia la pili.

"Hawa wako wamenona kuliko wangu."

"Wamelelewa vizuri," Mwikali akasema.

Ndipo Kamene akacheka kwanza, na mwenzake akashindwa kujizuia. Sikusikia mtu akiomba msamaha. Nilisikia Kamene akiuliza, huku akifuta kisu kwa jani, "Jumatatu mwethya unaanza kwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Si mlinitoa?"

"Unaanza kwako. Uje na uji wa kutosha."

 Mutua akanivuta kando. "Mwalimu, sasa wamejua ni nzi. Kidole si kinaweza kubaki? Tumethibitisha hakina kosa."

Hapo, mwanangu, nilimweleza jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, nyanya yangu alinichapa vifundo kwa mwiko kwa sababu nilinyooshea boga lake kidole. Akanifundisha kukikunja, kama Kamene alivyokikunja. Tayari nilikuwa mtu wa kutaka hoja, nikaamua kuhakikisha. Nikachagua boga moja changa nyuma ya ghala, na kila nilipotoka shuleni nikalinyooshea kidole waziwazi. Boga likakua. Likawa kubwa hata nikashindwa kulibeba peke yangu. Nikamwita nyanya, nikamwonyesha, nikamweleza nilivyofanya, nikingoja akiri kwamba ameshindwa.

Alilipigapiga lile boga kusikiliza kama limekomaa. Akasema, "Limepona. Umenionyesha ya boga, nami nimekubali. Sasa niambie: ukijulikana kwa kunyooshea mazao ya watu kidole, ni nani atakayekukaribisha shambani mwake?"

Nilikuwa nimechunguza boga. Mwenye boga sikumchunguza. Miaka mingi ya kufundisha kuchora haijanipa somo lililopita hilo.

 Mutua alirudi kwa Kamene, akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akafungua karatasi tupu.

"Mwaitu," akamwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "wewe ungeonyeshaje mahali pa kupiga picha?"

"Hivi." Akakunja kidole, akasogeza kifundo karibu na boga.

"Na mdudu?"

"Mdudu umchore akiwa juu yake, si mbali. Ukimweka mbali nitadhani anapita tu."

Mutua alichora hapo hapo, akifuta na kuchora upya. Alipomaliza nilimzuia asiulize swali ambalo wachoraji wote hulipenda, yaani, umeelewa? Watu wetu wana heshima. Ukiwauliza kama wameelewa watakuambia ndiyo ili usiaibike. Mutua akasema badala yake, "Nisomee."

Kamene akasoma kwa kifundo. "Nzi ametua. Ametaga. Ndani funza. Mimi napiga picha hapa, mapema." Akaongeza, "Hakuna mtu hapa aliyekosa."

Mutua aliuwasilisha mchoro huo mradini. Mhakiki mmoja wa mbali akauliza kwa nini kidole kimepinda kama chenye ugonjwa. Mutua akaandika maelezo mafupi ya sababu. Kabla mimi sijaongeza neno, mchangiaji wa nchi nyingine, ambaye hatujapata kuonana naye, akajibu kwamba hata bibi yake alimkataza hivyo hivyo, na kwamba alikuwa akiona haya kusema. Ukurasa ukapokewa. Picha ya kwanza iliyotoka Kwa Vonza ilikuwa ya Mwikali, imepigwa pembezoni mwa matuta yaliyosimama.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, na uzishike. Ukitaka kuchora mwongozo wa programu, ifungue programu hiyo mwenyewe kwanza; usichore kioo cha simu ulichosimuliwa. Picha zikifuatana, msomaji huona ya kwanza imeizaa ya pili, kwa hiyo pima mpangilio kama unavyopima mstari. Usikubali neno "kila mtu anajua" mpaka umemwona huyo mtu na kumsikia, liwe linasifu ya kale au linayadharau, maana tetesi za wasomi nazo ni tetesi. Kazi ikikamilika, mpe atakayeitumia akusomee, nawe unyamaze. Akisoma tofauti na ulivyokusudia, usimsahihishe yeye. Sahihisha mchoro. Kuuliza si ujinga, na kuchora upya si aibu. Programu huria imeachwa wazi kwa ajili hiyo, kwamba kosa la leo lipate mtu wa kulirekebisha kesho.

Haya, nenda ukafanye kazi. Mungu akupe jicho lisilokubali kuambiwa, na mkono unaojua kukunjika mbele ya mali ya mtu. Na kila shamba utakalolifikia, mwenye shamba akuone kwa mbali, na akukaribishe.