Pawasaplai ya Shemeji

Kibanda cha fundi kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Humo alitengeneza kompyuta, na humo ndimo alimoketi asubuhi ile, pawasaplai mbili mezani, mkono mmoja juu ya kila moja, asijue atoe ipi.

Mteja alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi wa makochi. Kwa muda mrefu alikuwa akiikusanya kompyuta ya gemu kipande kwa kipande: kasha la mtumba lenye mkwaruzo, kadi ya picha, ile inayolichora gemu kwenye skrini, aliyoipata kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilibaki pawasaplai tu, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kukigawia kila kipande sehemu yake.

"Hapo nakuachia wewe, shem," alimwambia juzi. "Mimi nimezoea sponji na misumari. Umeme naona unaniangalia vibaya."

"Watu unawatengenezea makochi, nyumbani kwako mnakalia viti vya plastiki. Leo unataka gemu?"

"Si ndiyo nipate pa kukaa vizuri, huko ndani ya gemu!"

Walicheka sana. Jioni yake dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, mpe ile ndogo."

"Ndogo ipi?"

"Usijifanye. Ulinieleza mwenyewe, kisanduku kikiwa kidogo mashine inajizima gemu likichanganya. Basi mpe hicho hicho. Haijawaka bado na tayari naongea na kisogo chake."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Alipoomba jambo, sauti yake haikuwa na mlango wa kukataa.

Ile kubwa, ya wati mia tano, ingeibeba kadi ile bila kutoka jasho. Ile ndogo ya mia tatu haikuwa feki wala mbovu. Ikizidiwa ingejizima tu, bila kuunguza kitu. Akaling'ang'ania hilo. Simpi kitu kibaya, alijiambia. Nampa kitu kizuri kisichomfaa.

Shemeji alipofika aliuliza neno moja tu. "Inatosha?"

"Inatosha."

Hata lebo hakuitazama. Aliikumbatia, akaondoka akipiga mluzi.

Haukupita muda, dada akapiga tena, safari hii akicheka mpaka akakohoa. "Inajizima! Akikaribia tu kushinda, pu, giza! Jana tumeongea mpaka chakula kimepoa."

"Naye anasemaje?"

"Anasema atakuwa amekosea kuunga nyaya. Anaifungua, anaifunga, anaifungua."

Hakuweza kucheka naye. Alimwona akilini shemeji yake, mtu mzima na ndevu zake, amepiga magoti sakafuni, vidole vyenye sugu ya sindano vikipapasa waya mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Angeweza kumpigia pale pale. Badala yake, kila ujumbe wa shemeji wa kuomba ushauri aliujibu kwa maneno mepesi: kaza huo waya, jaribu tena, itakaa sawa. Kila jibu lilimwacha na uchungu mdomoni.

Kisha shemeji akaja mwenyewe, kadi ya picha ameizungushia kipande cha kitambaa cha kochi.

"Nitafutie mteja, shem."

"Unaiuza?"

"Vitu hivi si saizi yangu. Nilijisifu weee, nimeiunga kwa mkono wangu! Sasa hata kuigusa naogopa. Jana nimepima kochi la mtu mara mbili na bado nikakata kitambaa kifupi. Mkono umeingia wasiwasi."

Alitabasamu kidogo alipokuwa akisema, na tabasamu lile ndilo lililomshinda fundi. Ilikuwa rahisi kuipokea kadi, kuiuza, na kuacha jambo lifie hapo. Fundi aliisukuma irudi kwa mwenyewe.

"Hukukosea popote. Niliyokupa ni ndogo. Haiwezi kuibeba kadi hii."

"Hukujua?"

"Nilijua. Siku ile ile nilijua."

Shemeji alikaa juu ya stuli. "Sasa kwa nini?"

Jina la dada lilimjaa mdomoni. Akalimeza. Mkono uliotoa kile kisanduku haukuwa wa dada. "Niliona unazama mno kwenye gemu."

"Uliona wapi, nayo ilikuwa haijawaka?"

Shemeji alimtazama, kisha akatazama sakafu, na ilikuwa wazi kwamba ameshapata jibu bila kuambiwa.

"Sawa," alisema taratibu. "Ya nyumbani nitayamaliza nyumbani."

Fundi aliishusha ile ya mia tano, akamwekea mapajani. "Hii ni yako. Sitaki kitu. Nije nikufungie?"

"Nitafunga mwenyewe."

Aliigeuza, akaisogeza mbali na macho ili aisome lebo, midomo ikitembea. Kisha akainuka, akavuka ujia hadi kwa fundi simu wa upande wa pili.

"Samahani, kaka," fundi alimsikia akisema, kwa adabu zake zote. "Yule pale ni shemeji yangu, fundi mzuri sana. Lakini hebu niangalizie hii na wewe."

Fundi simu aliinua macho, akamtazama mwenzake kwa mshangao. Fundi kompyuta aliinama, akashika bisibisi, akaanza kukaza mahali pasipo na skrubu.