Mtafute Aliyenyamaza

Ukiitwa Doto hapa Shinyanga, huwezi kumaliza siku bila kuulizwa Kulwa wako yuko wapi. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hakuna mjadala, na anayetaja mmoja lazima amuulizie mwenzie. Dokta Doto Abdulshakur, daktari wa dharura za watoto, ameulizwa swali hilo na akina mama wa wodini, na wauza maandazi wa getini, hata na mzee mmoja aliyekuwa anashonwa kidole huku akiugulia. Jibu lake lilikuwa hilo hilo miaka yote: "Yupo." Kisha anageukia kazi, na muulizaji anabaki ameridhika.

Mimi ni Bernadina, muuguzi wa idara hiyo ya dharura. Huyu dada ninamjua. Anakunywa chai ya rangi yenye tangawizi ya kuchoma koo, anafunga kilemba chake vizuri hata siku wodi imefurika, na hana subira kabisa na daktari anayekimbia. Alipokuja kwetu kutoka masomoni alituamuru, wauguzi na madaktari bila kubagua, kwamba mtoto akiletwa kila mtu asimame kwanza mlangoni, mikono nyuma, amtazame. Asimguse. Amwone alivyo, anavyopumua, na rangi ya ngozi yake, ndipo asogee. Nilinuna wiki nzima. Mtoto anahangaika na roho yake, wewe umeweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu anayekagua kucha. Lakini kutazama kwenyewe hakukuzidi pumzi mbili tatu, na nikaja kukubali kwamba katika pumzi hizo nilikuwa naona mambo niliyozoea kuyapita mbio. Haraka haraka haina baraka, wanasema, ingawa nadhani aliyeanza kusema hivyo hakuwahi kufanya kazi idara ya dharura.

Somo lake la pili lilikuwa fupi. "Anayelia ana pumzi. Mtafute aliyenyamaza." Chumba kikijaa vilio, alikuwa anawatuma madaktari wa mafunzo kwenye mabenchi wakamtafute yule aliyetulia kuliko wote, hasa aliyefunikwa kanga mgongoni kwa mama yake. Sisi tulimtania kwamba kimya kingi kina mshindo. Utani mwingine alikuwa anaucheka, huo hakuucheka hata siku moja.

Kila mwezi hupanda basi kwenda Geita kuwafundisha wahudumu wa vituo vya afya vilivyo jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo. Anakwenda na mwanasesere wa kitenge aliyejazwa pamba ya Kishapu, ambako ndiko kwao mama yake. Mwanasesere huyo ameshafufuliwa na nusu ya wahudumu wa mkoa ule. Hata waendesha bodaboda amewakalisha chini akawaonyesha namna ya kumbeba mtoto wa degedege: alazwe ubavu, na asitiwe kijiko mdomoni. Akina mama wanaokaa kwenye karasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, anawaomba wasichome zebaki jikoni penye watoto. Anawaomba tu, hafoki. Aliniambia mama uliyemfokea leo, kesho atakuficha jambo. Mimi ni mfokaji wa kuzaliwa, kwa hiyo nilijua nasemwa mimi.

Habari ya Kulwa wake nilikuja kuijua mchana mmoja tukinywa chai nyuma ya maabara. Nilimuuliza kwa mzaha tu kwa nini huyo Kulwa haji kututembelea, naye akaanza kusimulia.

Baba yake, mzee Abdulshakur, alikuwa anauza vitambaa hapa mjini, mtu wa Tabora mwenye damu ya pwani. Walipozaliwa pacha, mvulana na msichana, alikuja na majina yake mazuri ya kusomewa dua, akakuta mama mkwe ameshawaita Kulwa na Doto. Mambo yakaishia hapo. Wakalelewa kama pacha wanavyolelewa kwetu, kila kitu sawasawa. Kulwa akinunuliwa viatu, Doto naye lazima apate. Kulwa akiumwa tumbo, wote wawili wananyweshwa mwarobaini, mgonjwa na asiye mgonjwa, wasije wakaoneana wivu mmoja akadhurika. Doto alisema bado anasikia uchungu wa dawa za magonjwa ambayo hakuwahi kuumwa.

Kabla hawajaanza shule, homa iliwashika wote, mama akawapeleka zahanati wakati mmoja. Foleni ilikuwa ndefu. Doto alilia. Alilia mpaka watu wakaona huruma, wakampisha mama yake, na mganga akamhudumia Doto kwanza. Kulwa alikuwa mgongoni, ametulia. Watu kwenye foleni wakamsifu kwa upole. Mama alipofungua kanga ili naye atazamwe, alikuwa ameshakufa.

Dokta Doto alisema hayo akiangalia ndani ya kikombe, na mimi, mwenye maneno kwa kila mtu, nililia tu.

Sasa nieleze siku ya pacha wa kijiji cha Samuye. Ilikuwa msimu wa mvua, wakati pamba inapuliziwa dawa, na asubuhi ilikuwa imekwisha. Mama mmoja kijana aliingia na mtoto wa kiume mgongoni, akitokwa jasho, akisema Kulwa anakufa. Abel, daktari wa mafunzo, kijana msikivu, alimpokea. Alisikiliza kifua kikikoroma, akaona povu mdomoni, akasema ni nimonia kali. Akampa oksijeni, akaagiza sindano za nimonia. Mimi pia ningesema hivyo.

Dokta Doto akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Mtoto alikuwa anatokwa na mate na machozi, lakini hakuwa analia. Misuli ya mapaja ilikuwa inachezacheza yenyewe. Alisogea akainua kope, na mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Kisha akainama akainusa kanga, akanitazama. Nami nikainusa. Sisi tuliokulia kwenye pamba harufu ile hatuisahau.

Ilikuwa dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu. Tulivaa glovu, tukamvua mtoto, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, akachomwa sindano ya atropini inayopambana na sumu hiyo, kisha nyingine, mpaka kifua kikaanza kukauka na pumzi ikapata njia. Abel alikuwa ameinamisha kichwa. Dokta Doto alimwambia oksijeni aliyompa ndiyo iliyomfikisha mtoto hapo, asimame vizuri aendelee kumwangalia. Halafu akaenda kuchuchumaa mbele ya mama, akamuuliza taratibu mtoto amepakwa nini.

Mama Kulwa alitazama sakafu. Najua ningekuwa mimi nimeuliza, kwa sauti yangu hii, angesema hajui. Kwa Dokta Doto alisema yote. Mtoto alikuwa na upele usiosikia dawa, ameukuna mpaka vidonda. Asubuhi mama mkwe wake alichanganya dawa ya pamba na mafuta kidogo, kama walivyofanya wengine kijijini, akampaka mwili mzima. Mtoto alipoanza kutokwa povu, mama akambeba akakimbia naye barabarani kutafuta usafiri.

"Na Doto yuko wapi?" Dokta akauliza.

Mama alisema yupo nyumbani na bibi yake, mzima kabisa, hana upele hata mmoja. Alikuwa anacheza wakati yeye anaondoka. Nikamwona Abel anashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu. Dokta Doto hakushusha.

"Na yeye alipakwa?"

Yule mama alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Sasa daktari, hao ni pacha. Utampakaje mmoja umwache mwenzie?"

Mwenye vidonda alikuwa ameinywa sumu upesi kupitia ngozi yake, ndiyo maana aliugua kwanza. Mwenye ngozi nzima alikuwa anainywa polepole, huko Samuye, akiwa na bibi asiyejua lolote.

Bibi hakuwa na simu. Mama alimpigia jirani mwenye duka, jina lake Ngassa, na Dokta akaichukua simu akaweka sauti ya wazi. Alimwomba akamtazame mtoto sasa hivi. Tukasikia viatu vinakimbia, kuku wanatawanyika, kisha sauti ya Ngassa ikarudi imechangamka. Alisema tusiwe na wasiwasi, mtoto amelala kwenye mkeka, ametulia kabisa.

Nilimtazama Dokta Doto usoni na nikatamani nisingemtazama. Ngassa alikuwa ametutuliza kwa moyo mwema, kama wale watu wa foleni.

"Mwamshe," Dokta akasema. "Ngassa, mwamshe huyo mtoto."

Tukasikia bibi anamwita mjukuu wake, mara ya kwanza kwa kubembeleza, mara ya pili kwa woga. Ngassa akasema haamki vizuri, na mate yanamtoka. Dokta alimweleza pole pole, kwa Kisukuma pale alipoona Kiswahili kinamchelewesha: mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, msimpe kitu mdomoni, mlazeni ubavu, mleteni. Gari letu la wagonjwa lilikuwa limekwenda Kishapu kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ngassa akasema ana pikipiki yake.

Dokta aliniagiza niongeze atropini kutoka stoo ya dawa na niiweke pembeni, ya mwenzie. Kisha akaenda kusimama getini. Alisimama vile vile anavyotufundisha, mikono nyuma, ila hapakuwa na mtoto wa kumtazama, ni barabara tu. Mlinzi alimletea kiti, hakukikalia. Nilipomfuata nilikuta anasoma dua midomo ikimcheza, nikarudi ndani kimya kimya. Mimi ni Mkatoliki, nikaomba kwa njia yangu karibu na kitanda kitupu.

Pikipiki ilifika bibi akiwa nyuma, amemkumbatia mtoto ndani ya kanga iliyolowa. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Dokta Doto alimpokea yule mtoto mikononi akakimbia. Alikimbia kutoka getini mpaka ndani, kilemba kimemlegea, mtoto amelegea mikononi mwake, midomo imekuwa ya kijivu. Tulimlaza. Kifua kilikuwa kinatokota kama uji. Abel alishika mashine ya kufyonza mate, mimi nikashika mfuko wa kumpa pumzi, nikiuminya na kuuachia, nikiuminya na kuuachia, na Dokta akachoma atropini akasubiri, akachoma tena. Mama alikuwa katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule. Kulwa alikuwa ameanza kujigeuza. Doto hakujigeuza.

Dokta akachoma tena. Nikaona jasho linamdondokea puani na hajifuti. Baada ya muda nilihisi mfuko umekuwa mwepesi mkononi, kifua kimeacha kutokota, na mtoto anavuta pumzi kabla sijampa mimi. Akakohoa. Akakunja uso. Kisha Doto akalia.

Alilia kwa sauti nyembamba, halafu kubwa, halafu kubwa kupita kiasi, kilio cha mtoto aliyeoshwa bila ridhaa yake na kuchomwa sindano na watu asiowajua. Mama yake aliinama haraka kumnyamazisha, akimwambia basi baba, basi, nyamaza, wenzio wanaumwa.

"Mwache alie," Dokta Doto akasema, na sauti yake haikuwa nzima. "Mama Kulwa, tafadhali. Usimnyamazishe."

Nje, bibi alikuwa ameegemea ukuta, amejikunyata, anasubiri kufokewa. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi, maana sura yangu inajieleza. Na kweli nilikuwa nimeshapanga maneno. Dokta Doto alinipita, akapiga magoti kidogo mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu," bibi akajibu kwa shida, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akamwambia wajukuu wake wapo hai wote wawili. Akamwambia dawa ya pamba ni ya wadudu wa pamba, haifai kugusa mwili wa mtu. Upele una dawa yake, ya kupaka, na ataondoka nayo ya Kulwa na ya Doto, tena ya nyumba nzima, kwa sababu hata hospitalini anayetibiwa upele hatibiwi peke yake. Katika hilo, alisema, bibi alikuwa sahihi. Bibi alishika mikono yake akasema wabeja, wabeja sana, akimshukuru kwa Kisukuma. Maneno yangu niliyoyapanga niliyameza.

Bibi alipopata nguvu aliuliza jina la daktari, apate kumwombea. Akaambiwa ni Doto. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Loo, Doto. Na Kulwa wako yuko wapi?"

Nikasubiri lile jibu ninalolijua. Dokta Doto alikaa kwenye benchi, karibu yake.

"Alifariki, bibi. Tulikuwa wadogo kama hawa. Mimi nilikuwa nalia, yeye akanyamaza."

Bibi alimvutia kwake, akakiweka vizuri kile kilemba kilicholegea, akasema pole, mayu. Wakakaa hivyo. Ndani Doto alikuwa bado analia, na hakuna aliyemnyamazisha.