Bukta Mbili za Kengele

Siku ya kwanza ya msiba watu waliniuliza mdogo wangu amekufa na nini, nikawaambia: kidonda cha makalio. Wifi yangu, mke wa marehemu, akanikanyaga mguu pale mkekani. Yeye alikuwa amechagua kusema "aliugua ghafla", na wageni wakaitikia kwa kichwa, wakanywa chai. Ghafla gani? Mtu ameumwa tangu mvua zinaanza mpaka zinakatika. Sokoni wanaujua mdomo wangu, na kama niliwahi kuufunga kwa ajili ya heshima, siyo kwa neno makalio.

Jina la Kengele mdogo wangu alipewa na wateja. Alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, kreti mbili nyuma kwenye keria na moja mbele juu ya usukani, na kengele aliipiga toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, hata pasipo na mtu wa kumpisha. Mdomo wake nao haukupumzika. Mimi nauza mitumba, na kila alipopita mezani kwangu lazima anichokoze. "Dada, mwenye shati hilo alikuwa mnene, pole kwa wafiwa!" Namfukuza na hanga, "Pita huko, unanikimbizia wateja!" Naye anaondoka anacheka, kengele inalia mpaka anakata kona.

Mama yetu alituacha Kengele akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamfuta kila kinachofutwa. Hapakuwa na sehemu ya mwili wake nisiyoijua. Ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka hasira inatangulia, halafu ndipo machozi.

Kazi yake haikuwa na ruhusa ya kuumwa. Kwenye kiwanda cha mikate msambazaji asipotokea, njia yake anapewa mwingine asubuhi hiyo hiyo, na wenye maduka wakishamzoea huyo mpya, basi tena. Na njia ya Kengele ilitamaniwa na wengi: maduka, shule, gereji, na hospitali. Ndiyo, hospitali! Kila asubuhi alishusha mikate kwenye mlango wa jikoni wa hospitali, akataniana na wapishi, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Nilianza kuona kitu pale alipoanza kuendesha amesimama. Akifika kwangu nikimpa kigoda anasema amechoka kukaa. Tena alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, anamaliza chupa yangu nzima na kuomba nyingine, nikamtania kwamba amekuwa ngamia. Siku moja nikambana.

"Una nini?"

"Kiti kinanichubua tu, dada."

"Kinakuchubua wapi?"

"Huko."

"Huko wapi?"

"Ah, dada nawe! Huko nyuma."

"Njoo huku kwenye pazia la kujaribia nguo, nione."

"Wee! Una wazimu?" Aliruka kama nimemmwagia maji ya moto, akapanda baiskeli, akaenda. Hata kengele hakupiga.

Kwa waendesha baiskeli wa mikate, michubuko ni mambo ya kawaida. Kila mmoja anayo, na kila mmoja ana dawa yake ya kukalia: huyu amefunga kipande cha godoro juu ya kiti kwa mpira wa tairi, yule anapaka mafuta ya mgando, mwingine ameweka gunia. Hakuna anayemwonyesha mwenzake, na hospitali hakuna anayeitaja. Ukisema unaumia, wanakuuliza unakalia nini, unavaa nini. Mwenzake mmoja mwembamba, wanamwita Spoku, ndiye aliyemwambia Kengele habari za bukta za baiskeli, zile zinazobana, zenye sponji imeshonewa makalioni. Zipo za bei poa na zipo za bei ya kutisha.

Hapo ndipo nyumba ikagawanyika. Mimi nikasema za bei poa, kwani sponji ni sponji, na kwenye robota langu la mitumba nilikuwa nimeona moja nzima kabisa. Wifi akasema mwili wa mume wake si wa kuvalishwa mabaki. Nikamwambia mabaki ndiyo yaliyomlea. Akaniambia basi ndiyo maana kaumia. Tukarushiana maneno huku Kengele amesimama katikati, ameegemea kabati, anatucheka. "Nyie wanawake, makalio ni yangu lakini hata kura sina?"

Alianza na ya kwangu, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Sponji yake ilikuwa imeshakandamizwa na mwenyewe wa kwanza, katikati ina mshono mnene unaopita palepale pabaya. Alikomaa nayo. Akirudi jioni anatembea miguu imeachana, akiulizwa anasema inazoeleka. Haikuzoeleka. Wifi akaona usaha kwenye shuka, akavunja kibubu chake, akaenda naye duka la baiskeli lile lenye vioo.

Bukta aliyotoka nayo huko, jamani, ilikuwa nzuri. Nyeusi, kitambaa kinateleza, sponji nene ya kukatwa vizuri, haina mshono hata mmoja pale kati. Nimeshika nguo maisha yangu yote, nikaigeuza nje ndani nikitafuta kasoro, sikuiona. Kengele akaniletea mezani kunionyesha na kunisimulia kwa kucheka.

"Yule binti wa dukani hana adabu kabisa. Ati, 'Kaka, hii inavaliwa bila kitu ndani.' Mbele ya mke wangu!"

"Bila chupi?"

"Bila chupi! Mimi baba wa watoto, nizunguke mjini hivyo?"

Tukacheka sana. Binti wa watu alikuwa amemwambia ukweli. Chupi ile, na mishono yake ya pamba inayolowa jasho, iliendelea kumsaga chini ya sponji ya gharama kama ilivyomsaga chini ya sponji ya bure. Sasa huwa nawaza kwamba hata angeivaa sawasawa, bukta hutengeneza kiti tu, kidonda haitibu. Lakini sisi tulikuwa tumeshakubaliana kwamba kuna njia mbili, ya bei poa na ya bei ghali, na akishaivaa ya ghali basi mambo yamekwisha.

Na kweli yakaonekana yamekwisha. Alikuja asubuhi moja, kengele inalia tangu kona, akakaa kwenye kigoda changu. Akakaa! Makalio yote mawili.

"Dada, sisikii kitu. Hata kidogo. Bukta hii ni kiboko."

Nikapiga kigelegele pale pale sokoni. Wifi akautangazia mtaa mzima kwamba ameshinda, nikakubali nimeshindwa. Kengele akawasimulia wenzake wote kiwandani, kila msambazaji akajua bukta ya dukani inaondoa maumivu kama kwa mkono.

Wiki hiyo wifi akalalamika kwamba chumbani kwao kunanuka. Tulidhani panya amekufia mahali. Tulisogeza kabati, tukatoa masanduku nje, tukafagia uvunguni, mimi na yeye tumejifunga vitambaa puani. Kengele alikuwa kitandani amejifunika, anasema ana baridi kidogo. Hatukumwona panya, tukarudisha vitu.

Kesho yake alianguka kwenye mlango wa jikoni wa hospitali, kreti ikiwa mikononi. Wapishi ndio waliombeba, wakampitisha ndani kwa mlango ule ule wa mikate. Nilipofika, nesi alikuwa anaikata ile bukta kwa mkasi, na harufu iliyotoka pale niliijua.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alituuliza kama mgonjwa anajua ana kisukari. Tukasema kisukari hana. Akauliza kidonda kina muda gani. Wifi akajibu haraka kwamba kilikuwa kinamuuma, lakini amenunuliwa bukta nzuri, sasa hakiumi.

"Hakiumi kwa sababu nyama pale imekufa, mama," daktari akasema. "Iliyokufa haiumi."

Wifi akakaa chini, sakafuni, na mkoba wake.

Walimpasua, wakakata walichoweza kukata. Alipozinduka aliniona nimesimama na nesi, tunataka kumgeuza abadilishwe bandeji. Alikuwa hana nguvu hata ya kunyanyua kidole, lakini akanikataza kwa macho.

"Dada, usiangalie."

"Nimekuogesha mimi, mpumbavu wewe!"

"Wakati huo nilikuwa mtoto."

Nikageuka nikatazama dirisha, kwa kuwa aliniomba. Aliondoka kabla hawajamaliza kumfunga. Hivyo ndivyo alivyokufa mdogo wangu, ndani ya jengo alilolipelekea mikate kila siku, kwa kitu ambacho daktari alisema kingetibika kwa vidonge na kisu kidogo, laiti angemwonyesha mtu mmoja. Mmoja tu!

Siku ya mazishi wenzake wa kiwandani walikuja wote, wakaegemeza baiskeli ukutani. Walikaa kwenye viti, ila Spoku. Alikuja mpaka nilipo, amekunja kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, pole sana. Samahani, najua si mahali pake. Ile bukta ya Kengele, ile ya dukani... mna mpango nayo?"

Tusi lilishafika kwenye meno. Halafu nikaona kiti kitupu nyuma yake, na nikakumbuka kwamba tangu amefika sijamwona akikaa.

"Kaa," nikamwambia.

"Niko sawa, dada."

"Nimesema kaa!"

Akakaa kwa upande mmoja, ameshikilia egemeo la kiti.

"Unaumia tangu lini?"

"Ah, ilikuwa zamani. Siku hizi wala haiumi." Akajaribu kutabasamu. "Sisikii kitu."

Nadhani nilipiga kelele, watu wakageuka. Nikamwambia twende hospitali, sasa hivi. Akainuka anarudi nyuma. "Siwezi, dada. Nina mikate ya jioni. Njia ya Kengele nimepewa mimi."

Nikamshika mkono. Alikuwa anajivuta, na mimi nalia, na sijui ningemweza peke yangu. Ndipo wifi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinuka mkekani, akasimama, akamshika mkono wa pili. Mzee mmoja karibu na mlango akauliza kijana huyu anaumwa nini.

"Makalio," wifi akasema, kila mtu akasikia. "Tupisheni."